Nilivyodili na dairekta aliyekuwa ananitukana mbele ya seti nzima

Mi nilikuwa mtu wa mekapu kwenye tamthilia moja hapa Dar, jina naliacha. Dairekta wetu alikuwa na mdomo jamani, yaani msanii akisahau mistari natukanwa mimi, mara uso unang'aa kwenye kamera, mara "we dada una akili kweli?", na akiamka vibaya anaamuru posho yangu ikatwe. Ukilalamika unaambiwa vumilia, fani ndo ilivyo, mjini hutopigiwa simu tena. Na hilo la simu ni kweli, kazi zetu zinatoka kwa kujuana.

Kilichonisaidia ni wasap. Kila likitokea jambo, jioni namwandikia meneja wa prodaksheni kwa adabu zote, "Kaka habari za jioni, leo dairekta kasema nakatwa posho ya sini ya harusi, naomba unithibitishie", naye anajibu "ndo hivyo dada, vumilia". Basi, tarehe ipo, saa ipo, jibu lake lipo. Voisi za matusi nazo sikufuta, nikamtumia dada'angu anitunzie maana seti simu zinaibiwa kweli kweli.

Nilipoambiwa nisirudi nikaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Mkataba wa maandishi sina, na kampuni ikaja na wimbo wao, "huyu si mwajiriwa, anajitegemea". Kumbe Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inakuhesabu mwajiriwa hata kwa kigezo kimoja, mfano saa zako za kazi wanapanga wao, au umewafanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, mpaka wao waoneshe vinginevyo. Saa 45 bana! Seti, saa hizo zinaisha hata wiki haijakatika.

Kufungua shauri ni bure, unajaza fomu namba moja, nakala unampelekea mwajiri asaini kupokea. Angalia siku tu, ukiachishwa kazi una 30, madai mengine 60, zikipita unaanza kuomba usamehewe kuchelewa na hiyo ni shughuli nyingine.

Kwenye usuluhishi dairekta hakutokea, alikuja meneja, alipoona meseji zake mwenyewe zimeprintiwa akaomba tuyamalize. Nikalipwa posho zilizokatwa na hela ya notisi juu. Dairekta bado yupo kazini, na kuna prodaksheni hazinipigii mpaka leo. Wikiendi napamba maharusi, na nikiitwa seti naomba kwanza mkataba, hata wa ukurasa mmoja.