Umejaribu

Leo Ijumaa, na neno lenyewe niliambiwa Jumapili, kwa hiyo hesabuni wenyewe nimekaa nalo siku ngapi. Umejaribu. Hilo tu ndo alilosema Baba baada ya mimi na Hamisi kuhenyeka siku mbili chini ya Kobe, gari yetu, tukimbadilisha klachi, hapa hapa uani, bila fundi.

Mnaokumbuka harusi ya Kapchorwa mnajua ilivyoanza. Kile kilima, gari imejaa masufuria na mashangazi, nakanyaga mafuta injini inalia weee lakini gari haipandi, na harufu kama mtu kaunguza soli ya kiatu. Tangu hapo klachi ikawa inateleza hata njia ya Malaba ambayo haina mlima wa kumtisha mtu. Nikaenda kwa fundi, akataka laki mbili na nusu za kazi peke yake, vipuri juu yangu, na nilipomuuliza kama naweza kusimama nitazame anavyofanya akacheka, ati mama, hii si jiko. Nikarudi na hasira zangu. Baba Shamim yuko Juba na lori, kwenye simu akaniambia ngoja nirudi, nikamwambia sawa, na kesho yake nikaagiza vitu Kisekka, lile soko la vipuri Kampala. Pleti ya klachi, presha inayoibana na beringi yake, vyote vitatu, maana kushusha gia boksi halafu urudishe beringi ya zamani ni kujitafutia kazi mara mbili.

Kazi yenyewe siielezi yote, nusu yake ni matusi. Tulitoa betri, stata, tukamwaga oili ya gia boksi, tukachomoa shafti za magurudumu, injini tukaiegemeza kwa jeki na kipande cha mbao, gari yenyewe imekaa juu ya stendi mbili za kuazima kwa sababu jeki peke yake mimi siingii chini, nina mtoto. Ile silinda ndogo ya klachi tuliifungua bila kugusa paipu yake tukaining'iniza pembeni kwa kamba, hivyo habari ya kutoa hewa hatukuwa nayo. Pleti ya zamani ninayo hapa mezani naandika nikiitazama. Imeliwa mpaka ribiti zimetokeza, upande mmoja zinang'aa kama meno ya dhahabu.

Kurudisha ndo kulitunyoosha. Imebaki kama upana wa kidole gia boksi ikutane na injini, haiendi. Tumesukuma, tumetikisa, Hamisi kalala chali nayo kifuani kama kabeba mtoto wa watu, mimi nikasema basi tukaze boliti ziivute, akasema dada utapasua kitu. Na kweli. Kumbe pleti niliikaza kwa kukadiria tu na macho, haikuwa katikati, na isipokuwa katikati ile shafti haipati njia. Tukafungua presha upya. Hamisi akachonga mpini wa fagio, akauzungushia selotepu mpaka ukajaa sawasawa, ukaingia kwenye pleti na kwenye tundu la nyuma yake, ndo tukakaza boliti kidogo kidogo kwa kuvuka, hii halafu ya mkabala wake. Majirani wanapita gyebale nnyabo, gyebale, yaani hongera kwa kazi mama, mimi sijibu, nina spana mdomoni. Saa kumi na mbili jioni gia boksi ikaingia yenyewe, klop, nikalia kidogo, Hamisi akajifanya hajaona.

Basi Jumapili Baba akaja. Shikamoo, marahaba. Akavua kandambili, akaingia kwenye gari, hakuiwasha. Akakanyaga klachi mara tatu anasikiliza. Akawasha, akatia gia ya kurudi nyuma, akaenda mpaka getini akarudi. Akatoka, akafuta mikono kwa leso na hakuwa ameshika grisi yoyote. Akasema, umejaribu. Nikasema ahsante Baba. Akasema, chai iko?

Sasa nyie wa huku mtaniambia hiyo ni sifa. Najua! Uganda mtu akimaliza ghorofa anaambiwa umejaribu, Waganda wana ogezezzaako yao na Kiswahili chetu kimeichukua hivyo hivyo. Lakini Baba kazaliwa Mombasa, na kule kwao ukimwambia mtu umejaribu maana yake umeshindwa ila tunakuonea huruma. Halafu Tororo kaishi miaka zaidi ya 40. Sasa alisema kwa Kiswahili kipi? Uso hauwezi kunisaidia, uso wa Baba siku zote ni ule wa picha ya pasipoti. Ningeweza kusikiliza tena ile sauti, je ilipanda mwisho au ilishuka? Jumatatu nilikuwa na hakika ilipanda. Jumatano ikawa imeshuka. Wiki hii wifi kajifungua mapacha, bosi kahamishwa, umeme umekatika siku mbili, na mimi niko kwenye karatasi za kontena nawaza kwa nini alifuta mikono. Hamisi anasema dada, mtu asiyeridhika haombi chai. Hamjui Baba huyu, Baba chai anaomba hata matangani.

Jana usiku naosha vyombo, likanijia jambo nikaacha maji yanamwagika. Muhula uliopita Shamim aliniletea ripoti, hesabu 61 kutoka 48, kanishikia karatasi kwa mikono miwili. Nikamwambia umejaribu, nikageukia sufuria. Nilifurahi, naapa nilifurahi, ila ugali ulikuwa unaungua. Sikumbuki sauti yangu ilipanda au ilishuka. Yeye kama anakumbuka hajaniambia.

Leo asubuhi badala ya boda nikampeleka shule na Kobe. Jamani. Klachi laini, gia zinaingia bila kelele, nikitoka kwenye mteremko wa soko gari inaitika palepale unapoigusa. Wanasema klachi mpya uiendeshe kwa upole kilomita mia kadhaa za mwanzo, basi tulikwenda kwa upole kama bibi harusi, nikaanza kuimba, na kama kuna mtu wa Tororo alinisikia pale njia panda anisamehe.

Shamim hakuimba. Kwa kawaida kutoka nyumbani mpaka geti la shule ni Aisha hivi, Aisha vile, Aisha ana kalamu ya rangi nne. Nikahesabu, siku ya nne leo sijasikia hilo jina. Nikamuuliza, Aisha hajambo? Akasema hajambo, akageuka kutazama mwamba wa Tororo dirishani kama hajawahi kuuona.

Tulipofika Aisha alikuwa getini kasimama na wasichana wengine wawili. Shamim akashuka, akazunguka nyuma ya gari, akapita upande wa pili.