Jua Likishachomoza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Kutoka 22:2-3.

Ni aya mbili fupi, na katikati yake jua linachomoza. Mwizi akikutwa anavunja nyumba gizani, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Jua likishachomoza, anayo. Mwizi ni yuleyule na mlango ni uleule, ila sasa unamwona. Gizani hujui kama yuko peke yake, kama ana panga, kama amefuata mbuzi au roho ya mwanao. Mchana unamwona uso, majirani wako karibu, na Torati inasema atalipa alichoiba. Mungu aliyesema usiibe ndiye huyohuyo anayemlinda mwizi asiuawe.

Sheria ya Tanzania haiko mbali na hapo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzako, hata kutetea mali, na yapo mazingira ambamo haki hiyo hufika hadi kuua. Lakini kwa kifungu cha 18B, ukizidisha nguvu katika kujitetea na mtu akafa, una kosa la kuua bila kukusudia.

Sasa tazameni mitaani kwetu. Kibaka amekwapua simu saa nne asubuhi. Amekimbizwa, ameanguka, simu imerudi kwa mwenyewe. Hakuna tena cha kutetea. Hapo ndipo mawe yanapoanza, na mtu anatumwa akalete tairi. Kesho yake magazeti yataandika "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hawana majina, kana kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ibadani Jumapili.

Nimewahi kusimama pembeni ya duara la namna hiyo, nikanyamaza. Sikurusha jiwe. Sauli, aliyekuja kuwa mtume Paulo, naye hatuambiwi kwamba alirusha. Nguo za waliompiga mawe Stefano, mfuasi wa Yesu, hadi akafa ziliwekwa miguuni pa Sauli (Matendo 7:58), na miaka baadaye alikiri mbele za Bwana kwamba alikuwa ameridhia. Andiko hilo limeninyima usingizi.

Israeli iliagizwa kutenga miji sita ya makimbilio, ili hata mwenye damu mikononi asife kabla hajasimama mbele ya mkutano ahukumiwe (Hesabu 35:12). Na Kumbukumbu la Torati 19:3 linaagiza njia ya kwenda huko itengenezwe.

Tuombe: Bwana, nisamehe siku ile. Kelele za "mwizi!" zikisikika tena, nipe miguu ya kuingia katikati ya duara. Amina.