Moyo Uendao Mbio Bila Kukimbizwa

Mara ya kwanza nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu. Kabla sijamaliza kiatu cha pili, moyo ulishtuka kama ulioruka pigo moja, kisha ukaenda mbio kiasi kwamba nilipoweka vidole shingoni sikuweza kuhesabu. Haukupanda polepole kama unavyopanda mtu akikwea ngazi. Ulianza ghafla, na baada ya dakika 20 hivi ukatulia ghafla vilevile, ukaniacha nimechoka na nikienda haja ndogo mara kwa mara.

Nautaja ughafla huo kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo dalili niliyoieleza kwa miaka 3 bila kusikilizwa. Kila nilipofika hospitalini moyo ulikuwa umeshatulia, kipimo cha umeme wa moyo kikaonekana safi, nami nikaambiwa ni wasiwasi. Sikatai kwamba nilikuwa na wasiwasi, lakini ulikuja baada ya moyo kuanza, si kabla yake. Hatimaye daktari mmoja aliniuliza jinsi mapigo yanavyoanza na yanavyokoma, akauliza pia kama shingo hudunda, kisha akaniomba nije kupimwa wakati moyo ungali unakimbia, kwa sababu kipimo kinachochukuliwa baadaye huweza kisionyeshe chochote.

Siku tulipofanikiwa, karatasi ilionyesha mapigo 192 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyepumzika huwa na kati ya 60 na 100. Alinieleza kwamba umeme wa moyo hutoka vyumba vya juu kwenda vya chini kupitia kituo kimoja, na kwamba kituo changu kina njia mbili, ya haraka na ya polepole, hivyo umeme hushuka kwa moja na kupanda kwa nyingine, ukabaki unazunguka. Katika moyo usio na kasoro nyingine, hali hii kwa kawaida haiui, ingawa anayezimia au kuumwa kifua wakati wa shambulio anapaswa kukimbizwa hospitali.

Siku hiyo nililazwa nusu kuketi, nikapewa bomba tupu la sindano la mililita 10 nilipulize kwa sekunde 15 kwa nguvu ya kutosha kusogeza kisukumio chake, kisha nikalazwa chali na miguu ikainuliwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mbinu hii iliwatuliza asilimia 43 ya wagonjwa, ilhali kupuliza hivyo bila kuinuliwa miguu kuliwatuliza asilimia 17 tu. Kwangu haikufaulu, ndipo nikachomwa sindano ya adenosini, dawa inayokatiza umeme wa kituo hicho kwa muda mfupi. Muuguzi alinionya mapema kwamba kwa sekunde chache ningehisi kama nakata roho, akanishika mkono. Namshukuru hadi leo, kwani kifua kilibanwa kama alivyosema, mstari kwenye skrini ukanyooka, kisha pigo moja likaja, na jingine, kwa utulivu.

Vidonge vya kupunguza kasi ya moyo vilipunguza mashambulio bila kuyamaliza, na vilinichosha. Nilichagua kuchomwa ile njia ya polepole kwa joto, kwa waya mwembamba unaopitishwa katika mshipa wa kinenani hadi moyoni. Uamuzi haukuwa mwepesi: matibabu haya hufaulu kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, lakini wachache sana huharibiwa kituo chenyewe, wakahitaji kuwekewa betri ya moyo. Nilikuwa macho kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Walipouamsha mwendo ule kwa makusudi ili waione njia, niliutambua papo hapo, na kwa mara ya kwanza kila mtu chumbani alikuwa akiuona pamoja nami.

Imepita miezi 14. Moyo bado huruka pigo moja moja, nami husimama nilipo, nikaweka vidole shingoni na kuhesabu hadi 30 kabla ya kuendelea.