Kiti cha Matondoni

Jana nilipanda mashua hadi Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, kumwona mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioathirika hata hawezi kutawala misuli yake vizuri. Alikuwa amelazwa chali, mamake akimlisha uji, na kila kijiko anapaliwa. Tukamkalisha wima, kidevu kikainama kidogo, kijiko kikaja kutokea chini. Akameza. Mama machozi yakamtoka.

Nikasema anahitaji kiti cha kumshikilia. Babu yake, fundi wa majahazi, akampima mapaja kwa kamba: "Mwanangu, hicho nitakichonga mwenyewe."

Sisi wa tiba ya viungo twahitaji sana mafundi kama huyu. Vituo vya tathmini ya elimu, vinavyowapima watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza shuleni, vipo Kenya tangu 1984, lakini mzazi asipoelekezwa atavijuaje? Nimeiandikia familia hiyo hatua zote za kufika huko. Jumanne narudi kujaribu kiti.