Bosi na kanga ya mama watoto

Mbwa wangu Bosi alianza kuburuza miguu ya nyuma. "Hiyo ni baridi yabisi tu," jirani aliniambia. "Mpe diklofenaki, ile ile unayomeza wewe ya mgongo." Nikampa Bosi, siku mbili. Ya tatu akasusa chakula, choo cheusi kama lami. Daktari wa mifugo alinigombeza kama mtoto: dawa za namna hiyo humtoboa mbwa tumbo. Usithubutu, hata nusu kidonge.

Na wala haikuwa baridi yabisi. Bosi ni mbwa wa aina ya German shepherd, miaka 11. Kwa miezi nilisikia kucha zake za nyuma zikikwaruza sakafu, krrr, krrr, nikajua uvivu wa uzee. Daktari alimsimamisha, akaukunja mguu wa nyuma akanyagie mgongo wa unyayo. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Bosi aliuacha vile vile, ananitazama mimi. Hasikii maumivu, daktari akasema. Inavyoelekea neva za uti wa mgongo zinakufa polepole, mbwa wa aina hii hupata sana uzeeni, na dawa ya kuponya hakuna. Tembea naye kila siku, kidogo kidogo, misuli isiishe. Asinenepe.

Sasa mimi najidai fundi. Nikaunda kigari: mabomba ya plastiki, magurudumu mawili ya kigari cha mtoto, mkanda wa begi. Elfu hamsini hivi, sikupiga hesabu nisije nikajuta. Siku ya majaribio watoto wa mtaa wote walikuja. Bosi katulia kama mgeni rasmi. Mara akapita paka. Bosi akachomoka, kona ya kwanza kigari kikaingia mtaroni na kubaki humo, yeye akaendelea kwa miguu ya mbele na tumbo, paka keshafika juu ya ukuta anajilamba. Mpaka leo watoto wananiita Injinia.

Kilichofaa ni kanga ya mama watoto, iliyoandikwa "Mungu hamtupi mja wake". Ikunje kwa urefu, ipitishe chini ya tumbo karibu na mapaja, shika ncha mbili juu ya mgongo, nyanyua kidogo tu, miguu yake nayo ifanye kazi. Kwa dume usiisogeze mbele, ataikojolea. Ile ya kwanza iliishia hivyo, na maneno yake yote. Mama watoto alininunia siku nzima, kesho yake akaniletea mbili chakavu.

Vidole vya Bosi vilikuwa vinachubuka. Soksi za mwanangu zilichomoka kwenye hatua ya kumi. Nikazivalisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli juu yake, kisibane. Na sebuleni nimetandika mikeka, marumaru ni utelezi mtupu kwake.

Jana alfajiri tulipita kwa yule jirani. Akauliza kama ile dawa ilisaidia. Bosi akasimama kwenye geti lake, akakojoa kwa muda mrefu sana. Nikamshikilia vizuri asianguke.