Na hao wadudu wenu wakitoroka?

Ukiwaambia watu wa nyumbani kwamba huko ughaibuni unachezea jeni za bakteria, wengi hudhani unatengeneza korona mpya, na waliobaki huuliza inalipa ngapi. Nimerudi Kisumu kwa likizo na maswali yote mawili yamenifikia kabla sijafungua sanduku.

Hailipi kitu. Ni mradi wa wanafunzi, wa aina ya yale mashindano ya iGEM, ya kubuni viumbe kwa kubadilisha jeni, yaliyozaliwa chuo cha MIT kule Marekani, ambayo siku hizi vikundi hukutania Paris. Mnachagua tatizo, mnaunga vipande vya DNA, mnavitia ndani ya bakteria, kisha mnangoja kuona kama atafanya kazi mliyompa. Sisi tulitaka ang'ae akikutana na metali nzito ndani ya maji.

Wiki za mwanzo sikushika hata mikropipeti, kile kifaa cha kupimia matone. Ilikuwa fomu juu ya fomu: kiumbe gani, jeni imetoka wapi, inafanya nini, taka zitaishia wapi. Kanuni za Uingereza, ninakosoma, za mwaka 2014 zinataka tathmini ya hatari iandikwe kabla kazi yenyewe haijaanza. Wenzangu walinung'unika. Mtu aliyewahi kufuatilia kitambulisho cha kitaifa hanung'uniki kwa fomu.

Bakteria wenyewe ni E. coli wa ukoo wa K-12, si yule wa kuharisha. Alitolewa kwa mgonjwa mmoja California mwaka 1922, na amefugwa maabara miaka mingi hivi kwamba hata tumboni mwa mtu hashamiri tena. Nikiulizwa cha kuogopa katika maabara ya wanafunzi, nitataja maikrowevu kwanza. Agari, ile rojo ya kuoteshea bakteria, ikitoka humo huonekana imetulia; itikise kidogo tu, inafoka kama uji na kukubabua mkono. Halafu ethanoli karibu na moto, na taa ya UV ya kuangalizia DNA ndani ya jeli, ambayo huchoma macho na wewe usihisi lolote mpaka usiku.

Mjomba, ambaye ameuza samaki Dunga tangu sijazaliwa, hakuuliza habari za korona wala pesa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na hao wadudu wenu wakitoroka?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa: ni dhaifu, nje ya maabara hawana maisha.

"Sawa, mwanangu. Lakini hata hawa samaki mbuta waliletwa na wasomi."

Hapo ilibidi nikae vizuri. Mbuta waliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili uvuvi ulipe zaidi. Ukalipa kweli. Lakini walipozagaa miaka ya 1980, fulu, samaki wadogo wa asili wa aina mamia, walipungua, na wengine hawajaonekana tena. Gugu maji nalo, mmea wa Amerika Kusini uliopendwa kwa maua yake, lilikuwa ziwani kufikia mwaka 1990 hivi, na likaziba ghuba yetu hata boti zikakwama. Mwaka 1997 Kenya ikaachilia fukusi, wadudu wadogo, walile hilo gugu, baada ya kupimwa kwanza kama watashambulia mazao. Darasani kwetu kanuni ya kutoachilia kiumbe kilichobadilishwa ilisomwa kama mstari mmoja wa kutiwa alama ya vema. Mtu wa Kisumu haisomi hivyo.

Kwa hiyo nilimpa Mjomba jibu lililonyooka zaidi. Bakteria wetu akifa, DNA yake yaweza kubaki, na ndani yake mna jeni ya kustahimili antibayotiki, ambayo tunaitumia kuwatambua waliopokea vipande vyetu. Bakteria wengine wanaweza kuiokota. Ndiyo maana hakuna kinachomwagwa kwenye sinki kikiwa hai: maji yanatiwa Jik na kuachwa, sahani na glavu zinaingia otoklevu, mtambo wa kutakasa kwa mvuke wa presha, nyuzi joto 121 kwa dakika 15 au zaidi.

Binamu yangu anayesoma Egerton, kule Njoro, alikuwa akisikiliza pembeni. Yeye na marafiki wanataka kuanzisha kikundi chao. Nilimwambia aanze na Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 na Mamlaka inayoisimamia, maana kazi ya kubadilisha jeni haianzi bila idhini, hata ikiwa ndani ya kuta nne. Akaniuliza kama sufuria ya presha inaweza kuwafaa kwa mazoezi ya kutakasa vyombo. Inafaa, ila mwinuko una hesabu yake: kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito na joto ndani ya sufuria linashuka. Geji ya presha ikisoma 15 (psi), pwani utapata nyuzi 121. Kisumu, zaidi ya mita 1,100 juu, ni kama 119. Nakuru, mita 1,850 hivi, ni kama 118. Njoro ni juu zaidi. Lazima aongeze dakika, na asiamini ile tepu ya kubandika kwenye vyombo inayogeuka mistari myeusi, kwa sababu huonyesha tu kwamba joto lilifika, si kwamba lilikaa vya kutosha. Kuna vichupa vya spora sugu, yaani bakteria waliojifungia ndani ya ganda gumu, vinavyowekwa ndani pamoja na taka. Spora zikiota baadaye, kazi haikufanyika.

"Na stima ikipotea dakika ya kumi?" akauliza.

Unaanza kuhesabu upya, kutoka sifuri.