Siku moja maabarani, nikifuata bilirubini

Saa 1:00 asubuhi. Nafika maabara ya hospitali yetu hapa Tanga, nawasha mashine ya kemia ya damu na kupitisha kwanza sampuli za kudhibiti ubora. Zisipokaa ndani ya mipaka, hapimwi mgonjwa yeyote.

Saa 2:15. Foleni ya wanaopimwa afya kabla ya kuajiriwa. "Shikamoo dada," kijana ananiamkia huku akikunja mkono wa shati. Hajala tangu jana jioni. Kichupa chake nakifunika kwa foili mara moja, kwani mwanga huharibu bilirubini, ile rangi ya manjano ya damu, na jibu likatoka chini ya ukweli.

Saa 4:00. Bilirubini yake ya jumla ni maikromoli 36 kwa lita. Kikomo chetu ni 21. Seramu, yaani majimaji ya damu, si nyekundu, kwa hiyo chembe za damu hazikupasuka wakati wa kuchota. Sasa naangalia mgawanyo, yaani iliyochakatwa na ini ni kiasi gani na ambayo bado ni kiasi gani, na natamani kila mwenye karatasi ya majibu mkononi auangalie, maana jumla peke yake haisemi mengi. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Zikivunjwa, himoglobini yake, yaani ile rangi nyekundu ya damu, huzaa bilirubini, nayo hubebwa na albumini, protini ya damu, hadi kwenye ini. Ini huichakata iyeyuke katika maji, kisha huitoa pamoja na nyongo. Ikizidi ile ambayo haijachakatwa, ama chembe zinavunjika kwa wingi, kama kwenye malaria na selimundu, ama ini linaichakata polepole. Ikizidi iliyochakatwa, tunawaza homa ya ini au njia ya nyongo kuziba; hapo mkojo hukolea kama chai ya rangi, na choo kinaweza kupauka.

Ya kijana iliyochakatwa ni 6 tu. Vimeng'enya vya ini viko sawa, damu haijapungua.

Saa 6:30. Daktari anamweleza kuwa huenda ni hali ya Gilbert, iliyoelezwa Ufaransa mwaka 1901: kimeng'enya kinachochakata bilirubini ni hafifu tangu kuzaliwa, na kufunga kula huipandisha. Haihitaji dawa. Hata hivyo anaagiza apimwe tena akiwa amekula, ahesabiwe chembe nyekundu changa, na apimwe virusi vya homa ya ini B na C. Kijana anataja dawa ya kusafisha ini aliyoshauriwa mtaani. Hizo naziogopa kwa dhati. Baadhi ya mitishamba huumiza ini lenyewe.

Saa 9:20. Sampuli ya haraka kutoka wodi ya watoto, mtoto wa siku tatu, manjano hadi miguuni. Kwa mtoto mchanga sipotezi dakika: bilirubini isiyochakatwa ikizidi sana huingia kwenye ubongo na kuudhuru. Jibu liko juu. Nalisoma kwa simu kabla ya kulichapa. Muuguzi anamweka mtoto chini ya taa ya buluu. Watachota tena usiku, nami namwachia mwenzangu wa zamu maelezo yote.